Zizi Lililoonekana Kutoka Juu

Mayunga hakuwa anachaji simu kama watu wengine. Wengine wakija kibandani kwangu hapa Lingeka huniachia simu, huchukua kijikaratasi chenye namba, huenda zao shambani na kurudi jioni. Yeye alikuwa anakaa. Alivuta benchi, akasubiri chaji ipande kidogo, halafu akaanza: "Dada Monika, njoo uone walivyotupiga leo." Waliotupiga picha, alimaanisha, wale wa setilaiti. Na mimi, nikiwa na wateja wa chumvi na sabuni, nilitakiwa niache kila kitu nikaangalie wilaya ya Meatu inavyoonekana ukiwa umepanda juu ya mawingu.

Mayunga ni mdogo wangu, mtoto wa baba mdogo, kwa hiyo haki ya kumfukuza ninayo, na niliitumia mara nyingi. Lakini siku ya kwanza nilikwenda. Simu yake ya tachi ilikuwa na ramani ya malisho. Kijani ni majani, njano ni majani yanayokwisha, kahawia ni ardhi tupu. Akaivuta kwa vidole viwili mpaka ikawa kubwa, kijani tupu, na katikati ya kijani kukawa na doa la rangi ya udongo, dogo kama punje ya mtama.

"Hilo hapo," akasema, "ni zizi langu."

Akanieleza kwamba ng'ombe wanapolala hapaoti kitu kwa sababu ya kwato zao, na ndiyo maana mtu akitazama kutoka juu anaona doa. Zizi la mwenye ng'ombe wachache halionekani. La kwake lilionekana. "Hata huko juu wanajua kwamba Mayunga ana ng'ombe," akasema, na nikamwambia huko juu hawamjui hata mwenyekiti wetu wa kijiji, sembuse yeye. Akacheka. Alikuwa na furaha ya mtu aliyeitwa kwa jina lake mbele ya watu.

Sasa nisimpambe. Wale ng'ombe wengi hawakuwa wake, na kijiji kizima kilijua. Kwetu Usukumani kuna desturi ya kubilisa. Mwenye ng'ombe wengi, au anayekaa mjini, humpa rafiki anayemwamini awatunze. Maziwa ni yako wewe mtunzaji, na mbolea ni yako. Ukitunza vizuri kwa miaka, mwenyewe akiwa mtu wa haki hukupa mtamba. Kuuza huwezi, kuchinja huwezi, na ng'ombe akifa ni lazima umpelekee mwenyewe ngozi aione kwa macho yake, ajue kweli amekufa na hukumla. Mtu akikubilisia amekupa mali na jina vyote pamoja. Ukivipoteza, cha pili ndicho kinachouma zaidi.

Aliyembilisia Mayunga ni Machibya, mtu wa Bariadi mjini, ana duka la saruji na mabati. Walichunga pamoja utotoni hapa hapa Lingeka, wakaiba viazi na kupigwa pamoja. Machibya akaenda mjini, Mayunga akabaki na fimbo. Urafiki haukufa.

Hiyo ramani ililetwa na Mektilda, afisa mifugo wetu wa kata, mama mwembamba anayeendesha pikipiki kama ana ugomvi na barabara. Aliwaita wafugaji, akasema kuna watu wanaochukua picha kutoka angani na kuzituma bure kwenye simu. Wengi walisikiliza kwa adabu kisha wakaenda kunywa togwa. Mayunga alibaki kumuuliza. Wanaona usiku? Wakikuta mawingu je? Mektilda anasema hakuna mtu aliyewahi kumuuliza maswali mengi vile bila kumwomba dawa ya minyoo.

Kiangazi cha kwanza watu wakapeleka ng'ombe upande wanaoupelekea tangu enzi za babu zao. Ramani ilionyesha upande huo umekwisha, ila ng'ambo ya mji wa Mwanhuzi kuna mahali mvua moja ilipita bila mtu kujua, na pamekuwa kijani. Mayunga akageuza kundi. Wazee wakamcheka, wakauliza tangu lini ng'ombe anachungwa na simu. Wiki chache baadaye waliomcheka walikuwa wanarudi na ng'ombe wanaohesabika mbavu, na yeye akarudi na ng'ombe wanaong'aa. Machibya alikuja mwenyewe kutoka Bariadi kuwaona. Akamkabidhi mtamba mmoja mwekundu mwenye baka jeupe shavuni, mbele ya mashahidi, awe wake.

Mayunga akampa yule mtamba jina la Setilaiti. Kuanzia siku hiyo watu wote, hadi padri, wakamwita yeye Baba Setilaiti.

Na mtu akishapata dini mpya, shida ni ya majirani. Mayunga, ambaye zamani alikuwa anaweza kukaa msibani siku nzima bila kusema neno, akawa anahubiri. Alihubiri mnadani, kwenye mashine ya kusaga, kwenye foleni ya kuuza pamba. Kwamba hao wanaorusha vyombo angani wanasaidia dunia nzima na sisi tumo, na watu tuwaunge mkono tuache kuwasema vibaya. Mimi nilikuwa upande wa wanaosema vibaya, na sikuona aibu. Nilimwambia zahanati yetu inakaa bila maji, wajawazito wanakwenda na ndoo zao, halafu mtu anatumia mali ya kununua nchi kurusha chuma hewani. Chuma kinakwenda wapi? Kina njaa?

"Dada," akanijibu, "wewe unauza chumvi. Umewahi kuona inapochimbwa?"

"Sijawahi."

"Na mboga unaitia."

Nikamwambia anunue chumvi basi au aondoke benchini kwangu.

Jumamosi moja redio ya Bariadi ilikuwa na kipindi cha wasikilizaji kupiga simu. Swali lilikuwa hilo hilo, kwamba safari za angani zina faida gani kwa mwananchi wa kawaida. Waliopiga wote walilalamika, na mimi nilikuwa naitikia kila mmoja huku nikipima sukari. Mayunga akashindwa kuvumilia. Akachukua simu yangu, kwa vocha yangu, akapiga mpaka akapokewa.

"Mwangaluka mwanangu," akamwambia mtangazaji. "Naitwa Mayunga, mfugaji wa Lingeka. Hao waliozungumza wote ni watu wazuri, lakini hawana ng'ombe. Mimi ng'ombe wangu wamekula majani niliyoonyeshwa kutoka juu. Mtu akikuonyesha njia usimuulize nauli ya kufika alipo ilikuwa ya nani. Mwambie wabeja, asante."

Kisha akakata kabla ya kuulizwa swali, kwa sababu aliogopa kuimaliza vocha yangu. Kijiji kizima kilikuwa kimesikia. Kwa wiki nzima alitembea kwa maringo, na nikiri kwamba na mimi nilijivunia kidogo, ingawa vocha hajanilipa mpaka leo.

Haya, mwaka juzi ndipo mambo yalipogeuka.

Tulikuwa tumemaliza kuuza pamba. Mektilda akaitisha mkutano, hakuwa na uso wa siku zote. Akasema utabiri kutoka kwenye zile picha na mahesabu yake unaonyesha vuli haitakuja ya maana, na huenda hata mvua za baada yake zikachelewa. Malisho yatakwisha mapema kuliko tulivyozoea. Akatushauri tuuze ng'ombe sasa wakiwa na nyama, tubaki na wachache. Kuna mzee akasema mvua ni ya Mungu. Mektilda akasema ndiyo, ni ya Mungu, lakini Mungu ametupa na macho.

Kesho yake Mayunga alivaa koti lake la kanisani akapanda basi la Bariadi. Yaliyotokea huko alinisimulia mwenyewe, na baadaye Machibya akanisimulia vile vile, bila kutofautiana.

Alimkuta Machibya dukani. Wakasalimiana, akakaa juu ya mfuko wa saruji, akatoa simu.

"Ndugu yangu," akasema, "tuuze. Tubakize mitamba michache ya mbegu. Ukame unakuja."

Machibya aliangalia ramani kwa muda. "Naamini," akasema. "Wewe hujawahi kunidanganya, na hiyo simu haijawahi kukudanganya. Lakini wale ng'ombe si wangu tena. Umesahau wageni uliowapokea mwezi wa sita?"

Mayunga hakuwa amesahau. Walikuwa wazee wa Migato, wilaya ya Itilima, wa nyumba ya Januarius. Binti wa Januarius, Salu, alikuwa ameposwa na Marcelo, mtoto wa kwanza wa Machibya. Wazee wale walikuja Lingeka kuchagua ng'ombe wa mahari, na Mayunga ndiye aliyewafungulia zizi. Kila ng'ombe waliyemtaka walimgusa mgongo kwa fimbo. Waligusa karibu zizi zima, maana ng'ombe walikuwa wazuri, na Mayunga alisimama pale akiona fahari ya kazi yake. Alichinja mbuzi siku ile. Aliniletea paja.

"Uza, utanunua wengine mvua ikirudi," akamwambia Machibya.

"Waligusa hawa. Nikiwapelekea wengine watasema nimeficha wazuri nikatoa wabovu. Na nikiwapelekea pesa, nitakuwa nimemnunua binti wa watu kama gunia."

Mayunga akasema basi twende Migato tumwambie mwenyewe. Wakafunga duka wakaenda.

Januarius ni mkulima wa pamba na mahindi, katekista, mtu asiyepandisha sauti hata akikanyagwa. Aliwapa viti, michembe ya viazi vikavu na karanga, akavaa miwani, akaichukua simu. Mayunga akamwonyesha Lingeka, akamwonyesha Mwanhuzi, akamwonyesha yanayokuja. Nilimuuliza Mayunga kama mzee alibisha. Akasema hapana, angebisha ingekuwa nafuu, maana alikuwa amejiandaa kwa mabishano njia nzima.

"Naona," alisema Januarius. "Ni kweli."

"Basi wachukue sasa, mzee wangu," Mayunga akasema. "Wachukue hata kesho. Uuze wewe, ni wako."

Mzee akavua miwani. Salu alikuwa bado yuko chuo cha uuguzi, hajamaliza. Mama yake alipokuwa anakata roho alimwapisha mumewe kwamba hatapokea mahari ya mtoto huyu mpaka amalize masomo, kwa sababu dada zake wawili walitolewa shuleni pindi ng'ombe walipoingia zizini. Januarius alikubali, akamshika mkono marehemu. "Nikiwapokea leo nitakuwa nimevunja kiapo changu," akasema. "Na hata nikikivunja, niwalishe wapi? Hebu nionyeshe Migato kwenye hiyo ramani yako."

Mayunga akaisogeza ramani mpaka Migato. Kulikuwa na njano, na njano ile ilikuwa inakwenda kwenye kahawia. Wakamaliza karanga, wakaaga.

Aliponisimulia haya nilikasirika nikakosa wa kumkasirikia. Ningependa kukwambia kwamba Machibya alikuwa na roho mbaya au mzee wa Migato mkaidi. Hapana. Kila mmoja alikuwa na sababu, na hata mimi ningekuwa mahali pake ningesema vile vile. Ng'ombe walikuwa Lingeka wamesimama, wanakula, wanacheua, na watu wote waliokuwa na neno juu yao walijua watakufa na hakuna aliyeweza kuwagusa.

Vuli haikuja. Mawingu yalikuja yakakaa kidogo juu ya mbuga yakaondoka. Mayunga aliendelea kuja kuchaji simu, ila sasa hakuniita. Nilikuwa nakwenda mwenyewe kusimama nyuma ya benchi. Kijani kilikuwa kinarudi nyuma kila tulipoangalia, kikaacha Lingeka, kikaacha ng'ambo ya Mwanhuzi, mwisho kikabaki sehemu moja tu pembeni ya ramani, kipana, kizuri, kinakolea kama mboga ya majani.

"Pale pana nini?" nikamuuliza. "Si upeleke pale?"

"Pale ni hifadhini, dada. Setilaiti haioni bikoni za mpaka."

Na kweli kwenye ile picha hakukuwa na mpaka. Majani hayajui sheria. Lakini sisi tunaijua. Ng'ombe wakikutwa ndani wanakamatwa, na kesi ikikushinda wanapigwa mnada. Ng'ombe wake mwenyewe pengine angejaribu, kuna waliojaribu. Wa kubilisiwa hakuthubutu. Angempelekea Machibya nini? Ngozi ipo ya aliyekufa. Ya aliyetaifishwa haipo.

Akafanya kitu kimoja alichoweza kufanya. Katika zizi lile mnyama aliyekuwa na haki ya kumuuza alikuwa mmoja, Setilaiti, mtamba wake, ambaye wakati huo alikuwa na mimba. Nyamizi, mkewe, alimwambia amwache, angalau nyumba ibaki na ng'ombe wake. Akamswaga mpaka mnada wa Mwanhuzi. Siku ile kila mtu alikuwa anauza na hakuna aliyekuwa ananunua. Akamtoa kwa bei ya kuchekwa, akanunua mashudu ya pamba, akayaleta kwa trekta la kukodi, awalishe ng'ombe wa watu.

"Umeuza wako kulisha wa Machibya," nilimwambia. Sikumwambia kwa upole.

"Wa Machibya ndio walionipa wangu," akasema.

Wahenga walisema ng'ombe wa maskini hazai. Huyu alishika mimba, ila akazalia kwa mwingine.

Mashudu yalikwenda wiki chache. Baada ya hapo ukaanza wakati wa kuinua. Anayeishi kwetu anajua. Ng'ombe akidhoofika sana akilala usiku hawezi kuamka mwenyewe, kwa hiyo asubuhi watu wanapita nyumba kwa nyumba, wengine wanashika pembe, wengine mkia, wengine wanapitisha gogo chini ya tumbo, wanamsimamisha. Akishasimama anaweza kutembea akatafute chochote. Asiyeinuliwa ndiye huyo basi. Na mimi nilikwenda, mikono ninayo. Nilishika mikia ya wale ng'ombe ambao wazee wa Migato waliwagusa kwa fimbo, na mifupa yao ilikuwa inanichoma kifuani. Mektilda naye alikuja, akaegesha pikipiki akashika gogo pamoja nasi. Sindano za vitamini zilikuwa zimekwisha. Alikuwa anawaomba radhi ng'ombe kwa sauti ndogo, nilimsikia.

Walipoanza kufa, Mayunga aliwachuna mmoja mmoja, akaanika ngozi, akazikunja, akazifunga kamba, akapanda nazo basi la Bariadi juu ya keria. Kondakta alinuna kwa sababu ya harufu, lakini hakumshusha, maana siku hizo kila basi lilikuwa na ngozi. Akamtandikia Machibya uani, moja moja, anamtajia: huyu ni yule mweusi wa pembe moja, huyu ni mama wa wale ndama wawili. Machibya anatazama, anaitikia. Desturi ndivyo inavyotaka.

Safari ya tatu au ya nne Machibya alimzuia mlangoni. "Usilete tena," akamwambia. "Nakuamini. Wazike huko huko."

Machibya alifikiri anamfanyia huruma, na kweli ilikuwa huruma. Lakini Mayunga alirudi siku ile akiwa ameinama kama mtu aliyefukuzwa. Akaniambia, "Dada, hata kumwonyesha sasa sitakiwi." Nikampa soda. Aliishika mpaka ikapata moto, hakuinywa.

Ni wakati huo huo walipofika wale wageni. Gari mbili safi, kijana wa kamera, dada mmoja wa Dar es Salaam mwenye adabu nyingi, na mzungu aliyekuwa anatabasamu na kufuta jasho. Walikuwa wa ule mradi wa ramani. Walisema huko kwao wananchi wanauliza kama fedha za mambo ya angani zina faida, kwa hiyo wanatengeneza filamu fupi ya watu waliofaidika. Walikuwa wamesikia habari za mfugaji wa Lingeka aliyepiga simu redioni.

Wakamweka mbele ya kibanda changu, kwa sababu ya ukuta wenye rangi. Nikasimama mlangoni nimekunja mikono. Nilitaka awaseme. Nilikuwa nimewaandalia na mimi ya kwangu, kama wangeniuliza.

"Baba, taarifa za setilaiti zimekusaidia?" dada akamuuliza.

"Zimenisaidia," akasema Mayunga.

"Kwa namna gani?"

Akamtazama yule kijana wa kamera.

"Ziliniambia kweli. Ziliniambia mapema kabisa. Waambieni huko kwenu wasiache, waendelee kutoa hizo hela, ile kazi ni nzuri. Mimi ndiye sikuwa na pa kwenda."

Dada akatafsiri. Sijui alitafsiri ipi na akaacha ipi. Mzungu akaacha kutabasamu, akauliza kitu, na dada akamuuliza Mayunga kama kuna jambo wanaloweza kufanya. Mayunga akafikiri kwa bidii, maana ni mtu anayeheshimu swali. Akasema hapana, kwa sasa hakuna, labda wapige picha na mvua itakapokuja. Wakamwomba ashike simu yenye ramani ya kijani kwa ajili ya picha ya mwisho. Ramani ilikuwa kahawia yote. Akatafuta ya zamani aliyoihifadhi, akaishika kifuani, wakapiga, wakamwambia asante, wakaondoka na vumbi lao.

"Kwa nini hukuwaambia?" nikamuuliza.

"Niwaambie nini? Wao wameona. Wamefanya ya kwao."

"Na bado unaichaji hiyo simu."

"Nisipoichaji mvua itakuja?" akasema, na ilikuwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi kuona meno yake.

Mvua zilikuja mwezi wa tatu, zikanyesha kama zinalipa deni, mbuga ikafurika, basi la Bariadi likakwama huko siku mbili. Zizini kwa Mayunga hakukuwa na ng'ombe aliyebaki. Machibya alimtumia salamu kwamba hamdai kitu na asijisikie vibaya, na kwamba bado hajaweza kununua wengine wa kumletea. Harusi ya Marcelo na Salu imesogezwa, hakuna anayesema mpaka lini. Salu amemaliza chuo.

Mayunga sasa analima vibarua kwenye mashamba ya pamba ya watu. Maziwa Nyamizi anakuja kununua kwangu, yale ya pakiti, na anapoyalipa hatutazamani.

Asubuhi moja baada ya mvua alikuja na simu. Nikaichomeka. Hakukaa mbali, alisimama pale pale kaunta mpaka ikawaka, akafungua ramani. Kijani. Lingeka yote, Mwanhuzi yote, mpaka Migato, kijani kilichokolea, sijawahi kuona kingi vile tangu alipoanza kunionyesha.

"Imepatia tena," akasema. "Haijawahi kudanganya, dada."

Akaivuta kwa vidole viwili. Akaivuta tena. Akasogeza kushoto, akarudi kulia, akatafuta mto, akafuata mto mpaka kwenye njia panda, akatoka njia panda kuelekea kwake. Nilijua anachotafuta, na mimi nikainama nikatafuta naye. Lile doa la udongo halikuwepo. Pote palikuwa sawa na kwingine.

"Labda ni mtandao," nikasema. "Wakati mwingine picha haifunguki vizuri."

"Si mtandao," akasema Mayunga. "Wanaona vizuri. Zizi limeota mchicha, Nyamizi ameuchuma jana."

Alikuwa amebeba mfuko wa nailoni, nikadhani ni nguo zake za kibarua. Akauweka juu ya kaunta. Ulikuwa mchicha, majani mapana yenye afya, ya ardhi iliyolaliwa na ng'ombe miaka mingi. Akasema Nyamizi amenitumia, niupike na karanga. Akaniachia simu imalizie kuchaji, akachukua jembe lake, akaenda shambani kwa watu.

Niliupika jioni ile. Ulikuwa mtamu, na nililia nikiula.